Digrii Ishirini na Mbili za Nyangate

Kama kuna mtu aliyezijua injini kwa sikio, ni Nyangate wa Magwagwa. Alikuwa akipita kando ya kinu cha kusaga mahindi pale sokoni, anasimama, anainamisha kichwa, kisha anamwambia mwenye kinu, "Beringi ya nyuma inakufa. Una wiki moja." Mwenye kinu anacheka. Wiki inaisha, kinu kinakwama, watu wanarudi nyumbani na mahindi yao mazima. Baada ya mara ya tatu hakuna aliyecheka tena.

Lakini vinu havikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa ndege. Alijifunza jeshini miaka ya sabini, na jeshi la anga lilipovunjwa mwaka wa themanini na mbili akatupwa nje pamoja na wengine wengi ambao kosa lao lilikuwa kuwapo tu. Kampuni moja ndogo ya ndege za kukodi huko Nairobi ikamwokota, akakaa nayo miaka kumi na minne akitengeneza injini ambazo hakuruhusiwa kuzitilia sahihi. Ndiyo, usishangae. Mikono yake ilifungua, ikasafisha, ikafunga. Halafu mtu mwenye leseni anakuja na kalamu yake, anaandika jina lake chini, anakwenda kunywa chai. Nyangate leseni hakuwa nayo. Alikuwa fundi wa mkono, basi, na fundi wa mkono hutumwa kama mtoto hata akiwa na mvi.

Mwaka wa tisini na sita mlango ukafunguka kidogo. Mafundi wa zamani waliambiwa wanaweza kuitwa kwenye mahojiano ya leseni, mradi kila mmoja alete kitabu cha kazi alizofanya, na kila kazi iwe na sahihi ya mhandisi mwenye leseni aliyeiona kwa macho yake. Nyangate alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alijua nyuma ya mlango huo hakuna mwingine. Akaenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii akachagua koti la mitumba, la rangi ya majivu, akamwambia mkewe Tryphosa, "Hili ni la siku ya mahojiano. Usinifulie ovyo." Kitabu kilikuwa kimejaa, kimebaki nafasi ya kazi moja kubwa. Na mhandisi wa kumtilia sahihi alikuwa naye, tena wa nyumbani kabisa: Cleophas, mume wa binti yake Persis.

Huyu Cleophas alitoka Keumbu, kijana mwenye kichwa cha vitabu. Nyangate ndiye aliyemwingiza kwenye kampuni, akamfundisha kushika spana, akamfundisha mpaka namna ya kunusa mafuta yaliyoungua. Cleophas akasoma, akafanya mitihani, leseni akaipata. Halafu akamwona Persis, akampenda, akaleta ng'ombe. Nyangate alifurahi siku ile kuliko watu wote pale uwanjani.

Ila tangu ng'ombe wale walipoingia zizini, kazi ilibadilika. Wakisii wana chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake, na baina ya mtu na mkwewe ni nzito kuliko gunia la saruji. Hawataniani. Hawabishani. Hakuna kumwambia mwenzako "umekosea" mbele za watu. Heri umeze ulimi. Kabla ya harusi Nyangate alikuwa akimfokea, "Wewe kichwa maji, hiyo nati unaikaza kinyume!" Baada ya harusi, nati ikikazwa kinyume, Nyangate alikohoa. Cleophas akisikia kikohozi, aliitazama nati mara ya pili. Miaka mitano walifanya kazi hivyo, baba mkwe anakohoa na mkwe anakagua, na ndege zilipaa na kutua salama.

Mwezi wa sita mwaka ule malaria ilipanda milimani, watu wakajaa hospitalini mpaka kwenye veranda. Kampuni ikakodishwa kupeleka dawa Kisii. Ndege ikatua kwenye kiwanja cha Suneka asubuhi, rubani akiwa Abdirahim, mtu wa Garissa mwenye mdomo mwepesi, na mafundi wakiwa Nyangate na Cleophas. Masanduku yakashushwa. Kuwasha tena, injini ya kulia ikakataa. Starta ilitoa moshi, ikanuka, ikafa. Starta nyingine haikuwapo hata Nairobi. Ilibidi iagizwe ng'ambo, wiki tatu. Na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika, na kiwanja kile kikinywa maji kinameza magurudumu.

"Ndege ya pili inaleta dawa saa nane," Abdirahim akasema. "Tuiweke mbele ya hii, itupulizie. Nimewahi kuona wakifanya Lokichoggio. Upepo unazungusha propela, propela inazungusha injini, unatia mafuta, inawaka. Ni kweli ama si kweli, mzee Nyangate?"

Ilikuwa kweli. Injini zile za tabaini zilikuwa na mhimili mmoja kutoka propela mpaka ndani kabisa, kwa hiyo ukiizungusha propela umeizungusha injini nzima. Lakini upepo nao una masharti yake. Nyangate akachuma jani la mhindi kando ya kiwanja, akalikunja kama kile kidude cha watoto cha kuzunguka, akamwelezea Abdirahim. Alimwelezea Abdirahim, lakini alisimama mahali ambapo Cleophas angesikia kila neno.

"Ukiwasha kwa starta," akasema, "mapanga ya propela unayalaza bapa, yasikate hewa, ili starta isichoke. Ndivyo kitabu kinavyosema, na kitabu hakikosei. Lakini kwa upepo sivyo. Panga likilala bapa, upepo unaligonga kifuani, unalisukuma nyuma, kulizungusha hauwezi. Ukiligeuza makali yaelekee upepo, unapita pembeni, nao vilevile hauzungushi kitu. Panga linataka kuinama. Kwa injini hii ni digrii ishirini na mbili. Hapo linazunguka kwa nguvu. Injini ifike sehemu moja ya kumi ya mbio zake, ndipo utie mafuta. Ukiyatia ikiwa inazunguka kivivu, moto unakosa hewa, unaila injini ndani kwa ndani."

"Mzee," Abdirahim akacheka, "unaniambia mimi ama unamwambia yule pale?"

Nyangate akalitupa lile jani. Cleophas alikuwa amefungua kitabu cha ndege kwenye bawa, anasoma ukurasa ule ule. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Tukimaliza hii nitaitilia sahihi kwenye kitabu cha mzee. Ndiyo kazi iliyobaki." Nyangate aliposikia hivyo aligeuka upande. Akajifanya anafuta mikono.

Saa nane ndege ya pili ikatua. Rubani wake alikuwa mgeni wa mchezo ule, basi Abdirahim akahamia kwake kumwongoza. Wakaiweka mbele, mkia ukitazama pua ya ile mbovu, magurudumu yote yakazuiwa kwa magogo. Cleophas akaingia peke yake kwenye chumba cha rubani. Nyangate akabaki nje na kipimo chake cha mbao, alichokikata mwenyewe kwa msumeno mdogo. Cleophas ndani anabonyeza swichi ya pampu ya mafuta ya kugeuzia mapanga, mapanga yanageuka pole pole, Nyangate anaweka kipimo, anainua mkono: bado, bado, bado, hapo. Digrii ishirini na mbili. Akapiga hatua nyuma, akayatazama yakiwa yameinama sawasawa.

Lakini nusu ya Suneka ilikuwa imekuja kutazama. Akina mama wamebeba ndizi, wanaume na baiskeli zao, wote nyuma ya ndege, mahali ambapo upepo ungewarusha mpaka barabarani. Nyangate akawaendea, akawasukuma nyuma kwa maneno na kwa mikono. Mama mmoja akagoma, "Na wewe ni nani? Ndege ni yako?" Akamsogeza na ndizi zake. Ilichukua dakika kumi.

Aliporudi mbele kusimama mahali pa kutoa ishara, upepo ulikuwa umeshaanza kuvuma. Akayatazama mapanga. Yalikuwa bapa. Uso mzima wa kila panga ulikuwa umemkodolea macho.

Nyangate hakuhitaji kipimo kujua. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kitu kimoja: kuinua mikono yote miwili na kuikutanisha juu ya kichwa. Ishara ile kila rubani duniani anaijua: simama. Mikono ikaanza kupanda, ikafika kifuani. Kisha akawakumbuka wale watu mia tatu waliokuwa wakitazama. Kumsimamisha Cleophas pale ilikuwa sawa na kutangaza kwa Suneka nzima kwamba mkwe wangu amenigeuka, amefanya kinyume cha nilichofanya mimi. Na kumkagua mkwe wako mbele za watu ni kumvua nguo. Akajiambia, labda ameona kitu. Ana leseni, labda amesoma kitu. Akakohoa. Mtu mzima, mbele ya ndege inayonguruma, anakohoa! Nani angemsikia?

Propela ikajivuta. Ikaenda mzunguko mmoja kwa uvivu, wa pili kwa uvivu zaidi. Sauti ya injini haikupanda, na Nyangate alijua kwa sikio kwamba haikufika hata nusu ya mahali pa kutiwa mafuta. Cleophas akayatia. Moto ukatoka kwenye bomba la nyuma, mrefu, wa manjano, akina mama wakapiga mayowe, ndizi zikaanguka. Nyangate alikimbia na mtungi wa kuzimia moto, akauzima yeye mwenyewe, nyusi zikamuungua. Injini ilikuwa imekwisha. Ilinuka chuma kilichoiva.

Cleophas akashuka. Midomo yake ilikuwa imekauka. Walitazamana, na kama kuna siku ambayo neno moja lingefaa, ni siku ile. Hakuna aliyelisema. Jioni ile Cleophas alirudi Nairobi na ndege ya pili. Nyangate akaenda zake Magwagwa kungoja kuitwa na kampuni aulizwe habari ya moto.

Alimweleza Tryphosa yote. Tryphosa hakuwa mtu wa kumeza maneno. "Na wewe ulikuwa umesimama pale unakohoa? Baba Persis, unakohoa injini ikiungua?"

"Ni mkwe."

"Mkwe, mkwe! Heshima si utumwa. Basi mtume esigani akamuulize."

Esigani ni yule mshenga aliyewaunganisha wakati wa uchumba, na ndiye mwenye ruhusa ya kubeba maneno makali baina ya wakwe bila kuvunja chochote. Ingekuwa njia nzuri. Lakini esigani wao alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

"Atasema ukweli," Nyangate akasema. "Nimemfundisha kazi yule. Nimempa mtoto wangu. Atasema."

Siku ya nane akaitwa. Mkuu wa wahandisi, Gopal, alikuwa ametoka Nairobi kuikagua injini, akakodi chumba cha juu kwenye hoteli moja mjini Kisii. Nyangate alivaa lile koti la majivu, maana hakuwa na lingine la heshima. Njia nzima kutoka Magwagwa alikuwa akifanya mazoezi ya maneno. Alikuwa ameamua. Cleophas akinyamaza, yeye atasema. Atasema mapanga yaliwekwa ishirini na mbili, yakageuzwa. Chinsoni itamsamehe siku moja tu katika maisha yake; leseni haitarudi mara ya pili.

Chumbani walikuwa watatu: Gopal, Abdirahim na Cleophas. Cleophas alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Ripoti ya mhandisi ninayo," Gopal akasema. "Inasema wewe, Nyangate, uliweka mapanga bapa, kinyume cha maagizo yake, na yeye hakujua mpaka moto ulipotoka. Miaka kumi na minne nakufahamu. Sijawahi kukuona ukikosea panga. Kwa hiyo soma mwenyewe, halafu uniambie ni kweli au si kweli. Ukisema si kweli, nitachimba mpaka nifike chini."

Hebu fikiria! Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mkuu mwenyewe ameushikilia. Nyangate akaichukua karatasi akiwa na maneno yake yote mdomoni. Akaanza na tarehe. Ilikuwa imeandikwa tarehe 17, na ile saba ilikuwa na mkato katikati.

Hakuna aliyeandika saba namna ile pale Magwagwa isipokuwa yeye, tangu jeshini, na mtoto wake mmoja aliyemfundisha kwa mkaa juu ya ubao kabla hajaenda shule. Akaangalia mistari mingine. Herufi za mviringo, zilizolala kidogo upande wa kulia, safi, hakuna palipofutwa. *Fundi Nyangate alipuuza maagizo.* *Fundi Nyangate hana mafunzo rasmi.* Aliisoma mara mbili, si kwa sababu ya maneno. Alikuwa akitafuta mahali ambapo mkono ule umetetemeka hata kidogo. Hakupaona.

"Ni kweli au si kweli?" Gopal akauliza.

Yale maneno aliyokuja nayo yalikuwa ya kumkabili Cleophas. Kwa huyu mwingine hakuwa ameandaa neno.

"Nimesoma," akasema Nyangate.

"Sikukuuliza kama umesoma."

Abdirahim akaingilia, "Mzee, ulinieleza mwenyewe pale kiwanjani, na jani la mhindi mkononi! Ishirini na mbili! Sema basi!"

"Ulimwona nani akiyageuza?" Nyangate akamuuliza kwa upole. Abdirahim alikuwa kwenye ndege nyingine, hakuona. "Basi imekwisha," akasema Nyangate. Akairudisha karatasi mezani, akaiweka taratibu kama kitu cha mtu mwingine. Gopal akaitazama karatasi, akamtazama yeye. Kisha akafunga faili. Kabla ya saa sita Nyangate hakuwa na kazi, na kitabu chake cha kazi, chenye sahihi zote za miaka mingapi sijui, kilikuwa hakifai tena kupelekwa kokote. Cleophas alimpisha mlangoni kwa heshima zote, mgongo umeinama, macho chini. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuinamii kwanza.

Tryphosa alilia kwa hasira siku mbili. Nyangate hakumwambia habari ya mwandiko. Alisema tu Cleophas ameandika uongo, na Tryphosa akamlaani Cleophas na Keumbu yote, na Nyangate akamwacha amlaani, maana ilikuwa nafuu kusikia jina hilo kuliko lile jingine. Siri ile ikamwuma hivyo hivyo. Aliamka na hilo, akala na hilo. Mtoto wa watu akikugeuka unasema ni mtoto wa watu. Huyu utasema ni wa nani?

Jumapili ya tatu Persis akaja, mtoto mgongoni, sukari na mkate kwenye mfuko. Tryphosa akampokea mtoto, akaingia naye jikoni kutia maji ya chai motoni. Nyangate alikuwa uani akipukuchua mahindi. Persis akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Tata," akasema, kama Wakisii wanavyomwita baba, "uliiona ile karatasi."

"Niliiona."

Akaanza kulia. Nyangate aliendelea kupukuchua.

"Alirudi nyumbani anatetemeka," Persis akasema. "Aliniambia kitabu kilisema bapa, na aliona haya kubishana nawe mbele za watu, basi akayageuza kimya kimya ulipokwenda. Hakutaka kukudhuru, Tata. Mkuu alitaka ripoti asubuhi. Leseni yake ingechukuliwa. Tuna watoto wawili na nyumba ya kupanga. Wewe leseni hukuwa nayo. Tukasema, mzee hana cha kupoteza."

Mikono ya Nyangate ikasimama. "Mlisema wawili?"

Persis aligeuza uso. Jikoni Tryphosa alikuwa akimwimbia mjukuu.

"Persis. Nani alisema?"

"Yeye alitaka tuandike kwamba pampu iliteleza," akasema, sauti yake ndogo. "Nikamwambia hawataamini. Nikamwambia lazima pawe na mtu." Akajifuta uso kwa kanga. "Alikataa usiku kucha, Tata. Mimi ndiye niliyeandika, yeye akatia sahihi."

Nyangate akaliweka gunzi la mkononi chini pamoja na mengine.

"Kumbe Cleophas nilimwonea," akasema.

"Tata..."

Akanyanyuka, akajipangusa makapi magotini, akageukia mlango wa jikoni akaita kwa sauti, "Mama Persis! Mletee mgeni chai anywe, asije akachelewa gari."

Tryphosa akatoka haraka na mtoto mkononi, akatazama huku, akatazama kule kumtafuta huyo mgeni, na uani hapakuwa na mtu ila binti yake.